Soksi Chafu za Mafunzo

Shule anayosoma kitinda mimba wangu ilituletea karatasi. Likizo hii, ilisema, kutakuwa na Kambi ya Stadi za Maisha na Tabia Njema kwa watoto wa miaka 4 hadi 7. Watafundishwa kukunja nguo, kuosha vikombe, kufagia, kufua soksi, kusalimia wakubwa na kusema asante. Ada shilingi 150,000, nauli ya basi haimo. Vifaa vya kuja navyo: beseni dogo, kipande cha sabuni, ufagio, na jozi mbili za soksi chafu.

Niliigeuza ile karatasi nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba ni utani. Nyuma kulikuwa na namba ya kulipia.

Hebu tuelewane. Nyumbani kwangu ufagio upo. Mabeseni yapo, makubwa kwa madogo. Soksi chafu ndiyo usiseme. Wakubwa wa kusalimiwa wamejaa tele, wengine walikuja kututazama Pasaka na mpaka leo bado wanatutazama. Sasa nilipe 150,000 ili mtoto apandishwe basi, apite foleni yote ya Ubungo, akaoneshwe beseni?

Mama watoto akaniambia niache roho ya korosho. "Baba watoto, wenzake wote wanakwenda." Ukishaambiwa wenzake wote wanakwenda, mjadala umefungwa. Nikalipa.

Usiku wa kuamkia kambi begi likapangwa: beseni, sabuni, ufagio, soksi chafu. Alfajiri mama watoto kulifungua ahakikishe, soksi nyeupe pee, zimekunjwa mbili mbili, zinanukia. Dada wa kazi alipita usiku, akaona soksi chafu zimesahaulika kwenye begi la mtoto, akazifua, akazikaushia nyuma ya friji, akazipiga na pasi. Nani wa kumlaumu? Basi lilikuwa limeshafika, linapiga honi, na nyumba nzima hakuna soksi ya mtoto iliyo chafu. Ikabidi nivue nilizokuwa nimevaa. Mwanangu akaenda kujifunza kujitegemea na soksi zangu, namba 43.

Hapo ndipo nilipoanza kulitazama vizuri jambo hili la stadi za maisha, na kadiri ninavyolitazama ndivyo ninavyozidi kununa.

Mtoto wetu, kama watoto wengi wa wazazi wenye haraka, hufanyiwa kila kitu. Huoshwa, huvalishwa, hulishwa, hufungwa vifungo. Sahani akimaliza huiacha palepale na kuondoka na simu ya mama yake, ambayo anajua kuifungua, kuruka matangazo na kurudi kwenye katuni aliyoishia jana. Kifungo cha shati hakijui. Anayejua yote ni dada wa kazi: kuchambua mchele kwenye ungo bila kuacha jiwe, kukuna nazi, kudeki, kuchomekea chandarua kisibaki kitundu cha mbu. Kwao alitumwa, akaachiwa, akakosea, akarudia, mpaka mikono ikazoea. Halafu huyo mtaalamu tunaishi naye nyumba moja, na mtoto tunampeleka kambini.

Na hilo la kusalimia wakubwa? Mtoto akitoka chumbani asubuhi humpita dada wa kazi kama nguzo ya umeme. Hakuna shikamoo. Akija mgeni mwenye gari, hapo tunamshika mabega tunamsukuma mbele: "Umemwamkia anko? Mwamkie anko!" Mtoto si mjinga. Ameshajua shikamoo ni ya wenye gari.

Kwenye kikao cha wazazi kila aliyesimama alitukumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali nzuri, lakini wengi wetu tuliokuwa pale hata huyo samaki tunamnunua ameshakaangwa.

Sisi tuliosoma shule za serikali zamani hizo, stadi hizi tulizipata bila karatasi wala ada. Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, na baada ya hapo shule ikawa na shamba, na mwanafunzi akawa na jembe. Ulikwenda shule na ufagio wa chelewa, na kidumu cha maji mkononi. Kulikuwa na zamu ya kufagia, zamu ya kumwagilia, zamu ya choo. Mstarini mlikaguliwa kucha, meno na kola ya shati. Baadaye likaja hata somo lililoitwa Stadi za Kazi.

Msinielewe vibaya, sidai turudi huko mzima mzima. Kucha ndefu zilikuwa na bakora zake, na kuna mashamba ya walimu tuliyoyalima ambayo kujitegemea kwake kulikuwa kwa mwalimu peke yake. Lakini tulitoka pale hakuna asiyejua kushika ufagio.

Wenzetu wa Kenya wao waliamua kuingiza mambo haya ndani ya mtaala wenyewe. Mtaala wa umilisi, ule waliouita CBC, ulianza kwa majaribio mwaka 2017, ukatandazwa nchi nzima 2019. Shabaha ni njema: mtoto asikariri tu, atende. Kilichofuata tulikisikia mpaka huku. Shemeji yangu wa Mombasa alipiga simu saa tatu usiku, sauti ya mtu aliyefiwa. Hakuna msiba. Mtoto wa gredi ya kwanza ametakiwa kesho aende na sanamu ya kutishia ndege shambani, nao wanakaa ghorofa ya nne. Baba mtu alikesha anashona kichwa cha sanamu kwa gunia. Asubuhi mwalimu akaandika kwamba mtoto amezidi matarajio. Mtoto akapata alama, baba akapata umilisi.

Mimi nauliza, shule kongwe kuliko zote ya stadi za maisha tuliifunga lini? Nasema kutumwa dukani. Ulipofika miaka sita hivi, mama alikupa sarafu kiganjani, akakufunga vidole juu yake, akasema: "Nenda kwa Mangi, chumvi, kiberiti, na mafuta ya taa ya kibatari. Chenji usiangushe." Kisha akatema mate chini: yasikauke kabla hujarudi. Basi unatoka mbio huku unaimba chumvi-kiberiti-mafuta, chumvi-kiberiti-mafuta, unaruka mtaro, unamkwepa mbwa wa jirani, ukikutana na mtu mzima unakatisha wimbo utoe shikamoo, na ukikatisha tu unakuta kiberiti kimepotea kichwani. Unasimama. Unakuna kichwa. Unarudi hatua kumi nyuma mpaka kwenye mti uliokuwa bado unakikumbuka, kinarudi.

Katika safari hiyo moja mlikuwamo hesabu, kumbukumbu, uaminifu, adabu na mbio za mita mia. Na ukirudi, mama anahesabu chenji mbele yako, kimya, unasubiri hukumu. Siku hizi chumvi inaletwa na bodaboda, nimelipa kwa simu, na mtoto wangu anaamini fedha hutoka kwenye kioo. Nilipomwambia sina hela, aliniambia nichaji.

Najua mtaniambia zama zimebadilika, magari yamekuwa mengi, watu wamekuwa wabaya. Kweli. Hata wimbo wa kuvuka barabara, tazama kulia, tazama kushoto, kulia tena, ulitungwa bila kumfikiria mwenye bodaboda anayetokea nyuma yako juu ya njia ya miguu. Simwachii mtoto wa miaka mitano avuke barabara kubwa peke yake. Lakini kutoka sebuleni mpaka jikoni na sahani yake kuna barabara gani?

Na hili ndilo linalonikera kuliko yote: sisi wazazi tumegeuza mambo miguu juu. Penye kuhitaji msaada wetu tunamwachia mtoto, penye kuhitaji kumwachia ndipo tunasaidia.

Chukua mswaki. Madaktari wa meno wanasema mtoto apige mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, na wa miaka 3 hadi 6 awekewe dawa kiasi cha punje ya njegere. Wanasema pia kwamba mkono wake haujaweza kazi hiyo vizuri, kwa hiyo mzazi amsaidie mpaka afike miaka 7 hivi. Sisi tunafanyaje? Tunapaza sauti kutoka kitandani: "Umepiga mswaki?" Anajibu amepiga. Ukienda bafuni unakuta dawa imepangwa juu ya sinki kwa umbo la nyoka, mswaki mkavu. Meno yake 20 ya utoto yanaozea kwenye uaminifu wetu.

Sasa njoo kwenye viatu, ambavyo anaviweza. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kiza bado, basi la shule liko kona. Mtoto ameketi ngazi ya mlango, ulimi nje, anafunga kamba. Ameshika kitanzi cha kwanza. Kidole gumba kimekibana vizuri. Kamba ya pili inazunguka, inapita nyuma, inatafuta tundu, inakosa. Kitanzi kinalegea. Anaanza upya, hana wasiwasi hata chembe. Mama mtu amesimama na begi, baba mtu na chupa ya maji, dada na kibakuli cha chakula, wote watatu tunapumua kwa nguvu. Honi inalia. Kamba inazunguka tena, na safari hii, nawaapieni, ilikuwa imeingia, nimeiona ncha yake inachungulia upande wa pili. Ndipo mikono minne ikamvamia, kamba zikafungwa kwa sekunde tatu, akabebwa mzobemzobe mpaka kwenye basi. Wiki iliyofuata tukamnunulia viatu vya kubandika, tukasema tumepata ufumbuzi.

Hatukosi ujuzi wa kumfundisha, wala hatukosi upendo. Tunakosa robo saa. Mtoto akiosha kikombe anamwaga maji, akifagia anasambaza, akimenya kitunguu kinabaki kiduchu. Stadi hulipiwa kwa muda na kwa maji yaliyomwagika, na nyumba zetu za mjini zina pesa ya ada lakini hazina muda wa kudeki mara mbili.

Halafu tunataka mtoto ashike tabia ambazo sisi wenyewe tumezitungika ukutani. Kambini alifundishwa kunawa mikono kwa sabuni, sekunde 20. Vizuri sana. Dunia imeitengea kazi hiyo siku yake, tarehe 15 Oktoba, tangu 2008. Alifundishwa hata kutengeneza kibuyu chirizi: dumu dogo limetobolewa, limening'inizwa kwa kamba, chini kijiti cha kukanyaga, na sabuni imetobolewa katikati ikatungwa pembeni isiibwe. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, mkono mchafu haugusi kitu. Kifaa cha bei ya bure, na kinafanya kazi hata kijijini pasipo bomba.

Nikaongozana naye kwenye ofisi moja kufuata karatasi zangu. Mlangoni kuna ndoo ya koki, zile zilizoenea mwaka 2020 wakati wa korona. Imebandikwa maandishi makubwa, naye ndiyo kwanza anajua kusoma: "Na-wa mi-ko-no." Akafurahi. Akakunja mikono ya shati, akafungua koki, akakinga viganja. Kimya. Akaigonga ndoo kwa chini. Akatoka buibui.

"Baba, maji hamna."

Mlinzi akamtazama kwa huruma: "Hiyo ni ya maonyesho, bwana mdogo. Piteni tu."

Tukapita. Ndani, ofisa aliyetuhudumia alikuwa anakula muhogo kwa mkono uleule uliokuwa unahesabu noti. Mtoto alimwangalia muda mrefu sana. Sikuona kambi ya kumpeleka ofisa.

Kambi yetu iliisha kwa mahafali. Ndiyo, mahafali, na majoho, na kofia za pembe nne zinazoziba macho. Mtoto akatunukiwa cheti cha Kujitegemea, na joho lake alivuliwa na mwalimu maana hakuweza zipu. Tulipofika nyumbani akavua viatu katikati ya sebule, kimoja kusini kingine kaskazini, akajitupa kwenye kochi na kuita: "Dada! Maji ya kunywa!" Cheti mama watoto amekiwekea fremu.

Basi nimeshatoa amri, kama kawaida ya mwenye nyumba asiyesikilizwa. Kila atakayekula atainua sahani yake, kuanzia mimi. Dada wa kazi ataamkiwa kila asubuhi, na mtoto na mimi tutasema asante kwa chai. Viatu vya kamba vinarudi, na nyumba itaamka robo saa mapema. Mswaki nitausimamia mwenyewe, nikiwa na saa. Wakubwa wamenipinga kwa kauli moja. Mtoto peke yake ndiye aliyeuliza tunaanza lini.

Nanyi wasomaji wenye watoto wadogo, kabla hamjalipa ada ya kambi, Jumamosi hii mpeni mtoto kikombe chake akioshe mwenyewe. Mwekeni kigoda afikie sinki, kisha tokeni jikoni. Msimhimize, msimpokonye, msimrudilie kikombe akiwa anaangalia. Kikivunjika, Kariakoo vinauzwa kwa dazani.