Kwa Mkurugenzi wa Milo ya Angani

Mkazi wa Babati Mjini,
Manyara.

Mkurugenzi wa Huduma za Abiria,
Shirika la Ndege (jina ninalo, nimelitunza vizuri kuliko mlivyotunza oda yangu ya chakula).

YAH: MAOMBI YA KUTAMBULIWA KWA TUMBO LANGU, NJE NA NDANI

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Awali ya yote, naandika kutoa shukrani. Mimi ni mfanyabiashara wa nguo za watoto hapa Babati, na duka likiishiwa mzigo naufuata Dubai. Safari iliyopita tulikuwa wawili kwa tiketi moja, jambo ambalo shirika lenu lililigundua mapema kuliko mama mkwe wangu. Begi langu lilikuwa halijafika kwenye mizani, binti wa kaunta alikwishanipima kwa macho kuanzia kifuani kushuka chini.

"Mama, wiki ngapi?"

Nikasema ishirini na tisa. Akaomba barua ya daktari, akaisoma, akaigeuza aone kama nyuma kuna kitu, akampelekea mwenzake naye asome. Kwa dakika kadhaa tumbo langu lilikuwa mali ya kaunta nzima.

Sina ugomvi na hilo. Najua mashirika mengi huanza kudai barua mimba inapotimiza wiki 28, hufunga mlango wiki ya 36, na kwa mwenye mapacha hufunga mapema zaidi, wiki ya 32. Ni utaratibu wa busara: mtu aliyeajiriwa kugawa soda hastahili kugeuzwa mkunga katikati ya Bahari ya Hindi. Daktari naye alinipa yake. Nikae kiti cha njiani, ninyanyuke nitembee, ninywe maji, kwa sababu mjamzito akikaa kitako muda mrefu damu huweza kuganda miguuni. Akaongeza kwamba hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi, sawa na ya mtu aliye juu mita 1,800 hadi 2,400. Hapo nilicheka. Nyanda za Mbulu, majirani zetu, zinafika mita 2,000 na zaidi, na wanawake wa huko hubeba mimba, kuni na ndoo kwa mpigo mmoja bila barua ya mtu. Kwa hesabu zenu, hao wako angani tangu wazaliwe na hawajatua.

Tumbo kwa nje, basi, mnalijua. Barua hii inahusu ndani.

Nina ugonjwa wa siliaki. Nitaeleza kidogo, maana mhudumu wenu alidhani ni jina nililomchagulia mtoto. Kwenye ngano na shayiri kuna protini iitwayo gluteni. Mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake inageuka kuushambulia utumbo mwembamba. Vile vinyweleo vinavyofyonza lishe vinaharibika, na mtu anaweza kumaliza sinia akabaki na upungufu wa damu. Kwa mjamzito asiyejihadhari, hatari ni mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa na uzito pungufu. Dawa yake haiuzwi duka lolote. Ni kuacha ngano na shayiri maisha yote, pamoja na chembe zake: chakula kinachouzwa kwa jina la kutokuwa na gluteni hakitakiwi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo.

Msije mkasema ni maringo ya kisasa. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, alieleza mwaka 1950 kwamba ngano ndiyo inayowaumiza wagonjwa hawa. Alikwishaishuku tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na njaa ya mwaka 1944 na 1945, mkate ulipoadimika kwao, ilimzidishia hakika. Naelewa kwamba habari nyingine huchelewa njiani. Lakini ninyi ni shirika la ndege.

Nilifuata taratibu zote. Mna orodha ya milo maalumu, kila mmoja na herufi zake nne. Wangu ni GFML, unaagizwa siku mbili kabla. Nikaagiza, mkanijibu kwa ujumbe kwamba oda imepokelewa, na mkanitakia safari njema.

Tukiwa juu trei ikaja. Ilikuwa na stika, na kwenye stika herufi zangu nne na namba ya kiti changu. Hakuna aliyekosea abiria. Nikafunua foili, nikakutana na tambi. Pembeni kulikuwa na mkate wa mviringo ndani ya nailoni, kipande cha keki na biskuti mbili. Nikamwita mhudumu.

"Dada, hii yote ni ngano."

Akaisoma stika, kisha akanisoma mimi. "Hapana mama, hii ndiyo ile yako ya afya. Hata mkate ni wa brauni."

Nikamweleza. Akainama karibu, kwa upole ambao sitaki kuudharau, akanishauri nizitoe tambi nile mchuzi. Mzee wa kiti cha jirani, ambaye tangu turuke alikuwa anakoroma, akaamka kwa ajili ya kikao hicho. "Mwanangu, mjamzito hachagui chakula. Kula, mtoto anataka." Alipoona sina dalili ya kutii, akaniomba keki.

Katika trei nzima, vilivyokuwa na ruhusa ya kuingia tumboni mwangu ni vipande viwili vya tango, kipande cha nanasi na pakiti ya chumvi. Nilivila vyote, isipokuwa chumvi, ambayo nimeihifadhi kwa ushahidi.

Najua mtasema: si ungebeba cha kwako? Nilibeba. Nilikuwa na unga wa ulezi kilo moja, na chupa ya chai iliyojaa uji. Unga huo nausagisha mwenyewe alfajiri, nikiwa mteja wa kwanza mashineni kabla haijamwagwa ngano ya mtu, kwa sababu kinu hakisahau. Unga wa lishe wa dukani siugusi. Mara nyingi ngano imo. Kwenye ukaguzi kijana akasimamisha mkanda. Alichokiona ni mama mwenye tumbo kubwa, mfuko wa unga usio na chapa, na tiketi ya Dubai. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mkubwa wao.

"Unga gani huu?"

"Wa ulezi."

"Wa kazi gani?"

"Uji."

Mkubwa akaunusa, akaukubali. Uji wenyewe ndio ukakataliwa, maana kimiminika kinachozidi mililita 100 hakipandi. Nikaruhusiwa kuingia na unga mkavu, nikaukoroge ninakojua.

Sasa naomba mlinganishe na basi lililonitoa Babati. Mpaka Arusha ni kama kilomita 170. Konda hakuniuliza wiki, alipaza sauti tu, "Mpisheni mama akae mbele." Kila liliposimama, Magugu, Minjingu, Makuyuni, dirishani vilipita mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu na miwa. Konda yule hajui GFML ni nini. Nilishiba hadi Arusha bila kuagiza chochote siku mbili kabla.

Hapo ndipo nilipowaelewa. Nikiwa Babati, mimi si mgonjwa. Ugali, mbaazi, maziwa mgando, makande, viazi vitamu, wali wa Magugu: mkoa mzima unakula mlo wenu maalumu kila siku na hakuna aliyeujazia fomu. Ugonjwa wangu huanza pale chakula kinapopandishwa cheo. Mgeni wa heshima hawekewi kiazi, anawekewa mkate; mwenye nyumba akiwa na mihogo peke yake, huanza kwa kuomba radhi. Nanyi, kwa kuwa mnampokea kila abiria kwa heshima, mnatuwekea ngano ya kuchemsha, ngano ya kuoka na ngano ya sukari.

Sisi wa Manyara tunajua cheo hicho kilivyotafutwa. Hapo Hanang, miaka ya 1970 na 1980, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lililima mashamba makubwa ya ngano, Basotu, Setchet, Mulbadaw, kwenye ardhi ambayo Wabarbaig walichungia ng'ombe wao. Wafugaji walikwenda mahakamani kudai malisho. Matrekta yalikwenda shambani. Yote hayo ili taifa lipate mkate. Kisha Serikali, kwa nia njema, mwaka 2011 ikaweka kanuni za kuongeza virutubisho kwenye unga wa viwandani, yakiwemo madini chuma na asidi ya foliki, vitu ambavyo mjamzito anavihitaji hasa. Unga wa mashine ya mtaani kwetu haupiti huko. Mkate unapita. Kwa hiyo foliki yangu imo kwenye ule mkate wa brauni, nami naifuata kliniki kwa vidonge.

Baada ya maelezo hayo, naomba yafuatayo:

1. Mlo maalumu ufutwe. Badala yake, trei ya kila abiria iwe na chakula kimoja kilichoota hapa nchini. Wali na mbaazi za nazi, kwa mfano, utaliwa na mwenye siliaki, na asiyekula nyama, na anayeulizia halali. Sufuria moja itafuta stika tatu.

2. Sufuria hiyo ipikiwe mbali na unga na ifunikwe kabla mkate haujafika. Kuutoa mkate juu ya chakula si kuitoa ngano.

3. Biskuti zipumzishwe, zigawiwe korosho. Ni vigumu kumweleza mgeni kwa nini nchi inayolima korosho Mtwara na Lindi inamkaribisha kwa biskuti.

4. Binti wa kaunta, akishauliza wiki ngapi, aulize pia, "Na utakula nini?" Swali la kwanza linalilinda shirika. La pili lingemlinda abiria.

Msipotekeleza, sitawapeleka mahakamani. Historia ya wilaya jirani imenifunza kwamba kwenda mahakamani na ngano huchosha. Nitakata tiketi nyingine. Nitakuja nikiwa na wiki 35 na siku sita, barua halali ya daktari mkononi, mlo wangu nikiwa nimeuagiza kwa wakati, na nitaketi kiti cha mbele kabisa nikiwa na njaa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Abiria wa kiti cha njiani.

Nakala:
Mpishi wenu: kwa utekelezaji.
Mzee wa kiti cha jirani: kwa kumbukumbu ya keki.
Konda wa basi la Babati kwenda Arusha: kwa pongezi, nafasi ya Mkurugenzi ikitangazwa, aombe.
Abiria asiye na tiketi, aliye tumboni: kwa taarifa tu. Utekelezaji usubiri tutue.