Mshauri wa Mambo Yote: Soda Yapoa, Muuzaji Aiva

Wiki hii mezani pa Mshauri zimetua barua mbili, moja ya Kasese mjini, hapa magharibi mwa Uganda, nyingine ya Bwera, na zote zimelowa. Mshauri alidhani ni mvua. Alipozinusa, kwa utaalamu ambao wivu wa watu umezuia usitambuliwe rasmi, akagundua ni jasho.

Ya kwanza imeandikwa na dada anayepokea pesa kwenye kaunta ya supamaketi fulani ya Kasese. Kiyoyozi kipo ukutani, anasema, kinanguruma kama lori la saruji linalotoka Hima, lakini hewa kinayotoa ni ileile ya barabarani. Bosi akiulizwa hujibu kuwa fundi yuko njiani. Fundi huyo yuko njiani tangu Krismasi. Barua ilikuwa na kurasa tatu zaidi, ila Mshauri amezikata, maana nafasi ni finyu na yeye mwenyewe ana mengi ya kusema.

Ijulikane kwanza kwamba katika wilaya nzima hakuna anayelijua joto kama Mshauri. Watu wa Fort Portal, waliopanda hadi mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, huvaa sweta asubuhi na kuringa. Kasese imekaa chini, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, isifike hata mita 1,000. Na ikweta yenyewe inapita Kikorongo, mwendo mfupi kusini mwa mji, penye lile duara la zege wanalopigia picha wageni. Mshauri aliwahi kusimama hapo mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini, kwa dakika arobaini, na anathibitisha kuwa jasho lilitoka sawasawa pande zote mbili za dunia.

Hata kiyoyozi kibovu cha dada kina deni kwa bonde hili. Mabomba yake ni ya shaba, na nyaya za mota yake ni za shaba. Shaba! Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, ikabeba mzigo kwenda kuyeyushwa Jinja, na uchimbaji ukaendelea mpaka ulipokoma mwaka 1982. Mshauri amepiga hesabu zake na kuona kwamba Kasese inavidai viyoyozi vya dunia angalau shukrani, kama si baridi. Majibu bado hayajafika.

Aliyevianzisha alikuwa kijana wa Kimarekani, Willis Carrier, mwaka 1902. Dada asidhani kwamba alimhurumia mfanyakazi. Mtambo wake wa kwanza ulitengenezwa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, ambako unyevu ulikuwa ukivimbisha karatasi na rangi zikawa hazikai mahali pake. Wachapaji nao walikuwa wakichuruzika, lakini aliyepozwa ni karatasi. Mwaka 1924 zamu ikafika kwenye maduka: duka kubwa la J. L. Hudson mjini Detroit lilifunga mitambo kwa sababu wateja walikuwa wakizimia katika ghorofa ya chini siku za bei poa. Wateja, dada. Muuzaji alipata ubaridi kwa bahati ya kusimama jirani na mwenye pesa. Mshauri anaitaja foleni hii ili dada ajue nafasi yake: karatasi, kisha mteja, kisha soda, halafu yeye.

Basi dawa ni nini? Mshauri huchota hekima yake kwa majirani wa porini, ambao hawajawahi kuandikia gazeti. Simba wa Ishasha, kusini mwa Hifadhi ya Queen Elizabeth, hupanda mikuyu na kulala matawini miguu ikining'inia; wengi husema wanakimbia joto na inzi wa chini. Mshauri alishawishika papo hapo. Akapanda juu ya rafu ya unga wa mihogo katika duka la shemeji yake, saa saba mchana, akajinyoosha kisimba. Ndani ya dakika nne aligundua, bila msaada wa chuo kikuu chochote, kwamba hewa ya moto hupanda juu, na kwamba chini ya mabati yasiyo na dari kuna tanuri. Simba ana upepo huko juu, rafu haina. Kinachotakiwa huko juu ni matundu ya kutolea hiyo hewa, siyo mshauri. Uhusiano na shemeji bado unatengenezwa.

Akageukia viboko wa Mfereji wa Kazinga, wanaoshinda majini mchana kutwa na kwenda malishoni usiku. Dada haruhusiwi kukaa ndani ya beseni akihesabu pesa. Mshauri aliuliza kwa niaba yake. Lakini kitambaa kilicholowa, kikizungushwa shingoni mbele ya feni, hufanya kazi ya kiboko kwa bei nafuu, kwa sababu maji yanapokauka huondoka na joto la ngozi. Feni yenyewe haipoozi hewa hata kidogo. Inaharakisha jasho likauke, basi. Kuiwasha kwenye duka lisilo na mtu ni kumaliza yunti za umeme wa yaka bure. Na hewa ikipita nyuzi 40 hivi feni humpulizia mtu moto, ingawa Kasese, pamoja na majivuno yake yote, kwa kawaida haifiki huko.

Anywe maji pia, kikombe kila dakika ishirini, hata kabla ya kiu. Hapa Mshauri anashusha sauti kidogo, jambo asilolizoea. Anajua kwa nini wauzaji wengi hawanywi: choo kiko nyuma ya jengo la tatu, na hakuna wa kushika kaunta. Mwenye duka anayemwachia mtu mmoja droo ya pesa kutwa nzima amekwisha kumkataza maji bila kutamka neno.

Tangu siku za Ebola, iliyovuka kutoka Kongo na kuingia Bwera Juni 2019, watu wa mpakani wamezoea kuelekezewa kipimajoto kwenye paji la uso, na kila muuza sabuni anajua kuwa 37 ni salama na 38 ni maswali. Wachache wanajua kwamba joto la kazini nalo laweza kuupandisha mwili. Kizunguzungu, kichwa kugonga, kichefuchefu: hizo ni dalili za kwenda kivulini na kunywa maji. Lakini muuzaji akianza kuropoka, akamrudishia mwenye noti ya 5,000 chenji ya 50,000, asigombezwe. Huenda mwili umepita 40, na hapo ni kumwagia maji, kumpepea na kumkimbiza hospitali.

Barua ya pili ni ya kijana wa Bwera, mwenye kuuza vitenge, sabuni na soda katika duka la mabati si mbali na soko la Mpondwe. Wateja wake wanavuka mto Lhubiriha kutoka Kasindi, wanaingia, wanasema kwa Kiswahili cha Kongo kwamba humu ndani ni motoni, wananunua soda baridi na kwenda kuinywea nje. Anauliza afanye nini.

Wazo la kwanza la Mshauri lilikuwa kubwa, kama yalivyo mawazo yake yote. Theluji ipo! Iko juu ya duka la kijana huyu, kwenye kilele cha Margherita cha Rwenzori, mita 5,109, na jina la ufalme wa Rwenzururu lenyewe limebeba nzururu, yaani theluji. Mshauri alikwisha kupanga: bodaboda ishirini, magunia, pumba za mpunga za kuzuia kuyeyuka. Mpango ukakwama mara tatu. Kwanza, kupanda na kushuka huchukua karibu wiki nzima, na bodaboda haifiki hata nusu. Pili, wazee wa Kikonzo husema theluji ni makao ya mungu Kitasamba, na Mshauri hana barua ya kumtambulisha. Tatu, barafu yenyewe inakwisha: mwaka 1906, Duke wa Abruzzi alipofika kileleni, Rwenzori ilikuwa na barafu ya kilomita za mraba 6 na nusu hivi, leo haifiki hata moja. Mshauri aliwaza kujichovya katika mto Nyamwamba badala yake, akakumbuka mafuriko ya 2013 na 2020, akakaa kimya.

Hapo ndipo alipoisoma barua upya, akaona mstari aliouruka. Kijana anasema kigoda chake kipo nyuma ya friji ya soda, "ili nikae karibu na ubaridi."

Kijana! Friji haitengenezi baridi kutoka hewani. Inachota joto lililomo ndani ya chupa na kulitupa nje, kwa kupitia vile vibomba vyeusi vya mgongoni, pamoja na joto la mota yake yenyewe. Kwa maneno mengine, joto la soda zote za duka, kreti baada ya kreti, humwagwa juu ya magoti ya mwenye duka, naye analipia umeme. Mshauri aliguswa sana na ugunduzi huu, akausoma kwa sauti mbele ya mke wake, ambaye alisema alikuwa akijua.

Nafasi sasa imebaki kidogo kwa sababu ya wahariri, si kwa sababu ya Mshauri. Kwa hiyo haraka: kigoda kihame leo, friji ikae pale ambapo mgongo wake unapata upepo. Magunia ya vitenge yaliyoziba dirisha la nyuma kwa kuogopa wezi yaondolewe, ziwekwe nondo, ili hewa iingie upande huu na kutokea ule. Mikeka ya mafunjo itandazwe chini ya mabati iwe dari. Mafunjo yamejaa Ziwa George. Mabati yapakwe nyeupe juu. Dada wa Kasese amkumbushe bosi kuwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtwika mwajiri wajibu wa mahali pa kazi pasipodhuru afya, na kama sheria haimtetemeshi, amtajie pesa: Shirika la Afya Duniani na lile la Hali ya Hewa yalisema mwaka 2025 kwamba kila nyuzi moja inayozidi 20, kwa kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo, hupunguza kazi ya mtu kwa asilimia 2 hadi 3. Fundi atapatikana kabla ya saa sita.

Maswali mengine yatajibiwa wiki ijayo. Mshauri ana kiu, na anajua duka moja la Bwera lenye soda baridi mno, ingawa mwenye duka hukaa amenuna.