Nimelipa Nioshe Vyombo

Mama, Cucu, na nyote hapo Kamenu,

Mama, jiko limeikataa sufuria yako. Ile ya alumini, uliyonifungia kwenye leso siku ya kwenda uwanja wa ndege.

Niko kando ya Windermere, ziwa kubwa kuliko yote England, kwenye kajumba ka mbao tulikokodi na wenzangu wa kazini. Watu wa hapa huja huku kupumzika. Kupumzika kwenyewe, unalipa kwa siku chache pesa ya kupanga bedsitter Thika miezi kadhaa, halafu unapika mwenyewe, unaosha mwenyewe, na siku ya kuondoka unatoa mashuka kitandani na kutenga takataka, chupa huku, karatasi kule, yote kabla ya saa nne asubuhi. Cucu, kwako mgeni hainui hata kikombe alichonywea chai.

Turudi kwa jiko. Ni kioo cheusi, halina moto, halina hata waya unaoiva ukawa mwekundu. Niliweka sufuria, nikagusa alama kwa kidole. Pi-pi-pi, likazima. Nikapangusa kioo. Pi-pi-pi. Nikapangusa matako ya sufuria kwa shati langu la Jumapili. Pi-pi-pi. Mwenzangu mmoja akang'oa sumaku iliyobandikwa kwenye friji, akaiweka chini ya sufuria, ikaanguka. Ndipo akanieleza: chini ya kioo kuna koili inayotoa nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo ndiyo inayochemsha chuma cha chombo chenyewe. Alumini haishikwi na sumaku. Kwa hivyo sufuria iliyolisha ruracio na matanga ya mtaa mzima, kwa jiko hili ni kama hakuna aliyeweka kitu. Ugali nikausonga kwenye kikaango, kwa mwiko wa plastiki uliopinda kabla unga haujashika. Wenzangu walisema ni mtamu. Ni watu wa adabu sana.

Mvua hainyeshi ikaisha, inakaa. Jana walinionyesha kwa fahari Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote England. Mita 978! Thika tunalala juu ya mita 1,500, na hakuna aliyewahi kutuvalia buti kuja kutupanda. Sikusema kitu, maana hata kilima cha nyuma ya kajumba kilinikalisha kwenye jiwe nikihema, na ajuza mwenye fimbo mbili akanipita akinisalimia.

Kuna mwandishi wa hadithi za sungura, Beatrix Potter, aliyenunua shamba huku mwaka 1905. Alipofariki 1943 aliachia shirika la uhifadhi ekari zaidi ya 4,000. Ingekuwa Kiambu, tungekuwa bado kortini.

Usiku ni kimya mno. Alfajiri naamka nikingoja makanga apige bati aite "Tao! Tao!", nasikia kondoo. Dukani nimepata kopo la nanasi limeandikwa Kenya. Nimelila lote nimesimama kwenye maegesho, mvua ikiingia koponi, na sijawaambia wenzangu.

Mama, kile chumba cha mabati nyuma ya zizi bado kina kitanda? Msikirekebishe. Wekeni jiko la makaa, ndoo na ufagio, andikeni masharti kurasa kumi, na mgeni akamue ng'ombe kabla ya saa nne. Bei nitapanga mimi.

Mwanenu.