Tafadhali Subiri

Mzee aliingia steshenari kwangu, Nachingwea, saa mbili na nusu asubuhi, simu ya mwanawe ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai la kuazima. Ilikuwa mwaka 2019. Ndani ya simu mlikuwa na fomu iliyotoka ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa sababu shida zangu kwao hazijaisha. Ilitakiwa ichapwe, ijazwe, irudishwe kabla ya Ijumaa.

"Kazi ndogo hiyo, mzee wangu," nikamwambia. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na bado sijajifunza kutolitamka neno hilo mbele ya kompyuta.

Kompyuta yangu wakati ule tulikuwa tunaiita Ajuza. Niliinunua imeshatumika, nikaiwekea Linux kwa sababu mfumo iliokuja nao ulikuwa unawaka kwa muda wa kuivisha maharage. Kila kilichomo ndani yake kilikuwa programu huria, kwangu bure na halali kwa pamoja, hali ambayo kwa fundi wa mtaani ni nadra. Barua naandika kwa LibreOffice. Na PDF, kwa kuwa sikuwa na programu yake maalumu, nafungulia palepale kwenye kivinjari, Firefox.

Nikaihamisha fomu kwa waya, nikaibofya. Ukurasa ukafunguka mweupe pe, juu yake mistari michache ya Kiingereza. Maneno ya kwanza yalikuwa ya adabu kabisa: tafadhali subiri.

"Inasemaje?" mzee akauliza.

"Inasema tusubiri."

"Basi tusubiri. Imeomba vizuri."

Akavuta benchi, akakaa. Sasa, ukitaka mtu wa kusubiri, njoo Nachingwea. Waingereza walituletea matrekta miaka ya 40 walime karanga za kulisha kwao, wakajenga reli kutoka pwani kuja kuzibeba. Ilipofika 1951 mradi ulikuwa umeshakufa, na reli nayo ikafungwa miaka ya 60. Baba zetu walisubiri karanga, wakasubiri treni. Mimi kusubiri karatasi moja ningeshindwa vipi?

Saa nne mzee akanunua ming'oko, mizizi yetu ya porini, kwa mama anayepitisha beseni, akanigawia. Tukala tunatazama kioo. Wateja wengine waliokuja wakajiunga, maana Nachingwea watu watatu wakiwa wanatazama kitu kimoja, wa nne haulizi, anatafuta nafasi. Kila mmoja akawa na rai yake. Dereva wa bodaboda akasema ni mtandao. Nikanunua bando. Mwingine akasema kompyuta imechoka, izimwe ipumue. Nikaizima, nikaiwasha, nikaifungua fomu tena, ikatuomba tena tusubiri, kwa adabu ileile. Nikafuta vumbi kwenye kioo kwa kitambaa. Adhuhuri ilipoadhiniwa mzee akaenda kuswali, akarudi, akasimama mlangoni: "Bado?"

"Bado, mzee wangu. Lakini haijakataa."

Saa tisa hivi akaingia binti wa shule, sare yake ya bluu na nyeupe, alitaka kopi za mitihani ya nyuma. Akaangalia kioo kwa muda wa kufumba na kufumbua.

"Mjomba, mbona hapa chini wameandika kwamba kama ujumbe huu hautaondoka wenyewe, basi programu yako haiwezi kuonyesha hati ya aina hii?"

Kimya. Hata yule wa bodaboda akazima injini.

"Wewe uko kidato cha ngapi?" mzee akamuuliza.

"Cha pili, babu. Shikamoo."

"Marahaba." Kisha akanigeukia mimi, taratibu. "Na wewe ulisoma mpaka wapi?"

Swali lile lina majibu mawili, moja la shule na moja la ukurasa, na yote mawili yalikuwa ya aibu. Nilisoma maneno mawili ya kwanza. Yaliyobaki yalikuwa ya Kiingereza, madogo, na mimi nilikuwa nimeshapata agizo.

Kilichotokea nilikuja kukielewa baadaye, na nakieleza hapa kwa faida ya wenzangu wa steshenari. PDF, iliyotoka kwa Adobe mwaka 1993 na kufanywa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008, ukiitazama unadhani ni picha ya karatasi. Kumbe ndani ni maagizo matupu: peleka kalamu hapa, weka herufi hii, ukubwa huu, chora mstari mpaka pale. Kila unapoifungua kuna fundi anayesoma maagizo na kuuchora ukurasa upya. Zamani fundi huyo ulikuwa unamwita kutoka nje, unapakua programu ya kando, unaibandika kwenye kivinjari, na virusi nao wanapitia mlango huohuo. Mwaka 2011 Andreas Gal na Chris Jones wa Mozilla, wenye Firefox, wakaanza kuandika fundi wa ndani, PDF.js, kwa JavaScript, lugha ambayo kivinjari kinaijua tangu utoto. Februari 2013 akawa ndiye mchoraji wa kawaida ndani ya Firefox toleo la 19. Ramani yake ya kazi iko wazi, mwenye macho na asome, mwenye ujuzi na arekebishe.

Fomu ya mzee, sasa, ilikuwa ya aina inayoitwa XFA. Hiyo ni PDF kwa kanzu tu. Ukiivua, fomu yenyewe imeandikwa kwa lugha nyingine kabisa, XML, na ule ukurasa wa "tafadhali subiri" ndio PDF pekee iliyomo. Programu inayoijua XFA inautupa ukurasa ule na kuchora fomu. Isiyoijua inachora ilichokielewa, kwa uaminifu, na itakichora hivyohivyo mpaka parapanda ilie. Hakuna kilichokuwa kinapakuliwa. Ile "subiri" ilikuwa imechapwa, kama "Karibu Tena" ya ukutani hotelini. Firefox ilijifunza XFA Oktoba 2021, toleo la 93, kwa hiyo laiti tungekaa na beseni la ming'oko la kutosha, miaka miwili mbele tungeiona fomu.

Mzee hakukaa. Kesho yake alipanda gari kwenda kwenye ofisi yenyewe, wakampa kopi ya kopi iliyolala upande, yenye jina la mtu mwingine limefutwa kwa wino mweupe. Akaijaza. Ikapokelewa.

Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwepo watu, pamoja na wenzao wa Sweden, walioitafsiri programu ya OpenOffice ikazungumza Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Vijana wa wakati ule tuliicheka, tukasema nani atabofya maneno kama yale. Leo naomba radhi. Ule ujumbe ungekuwa wa Kiswahili, ningeusoma mpaka nukta.

Ungedhani baada ya hapo nimekoma kuamini kioo. Ndipo ikaja harusi ya Ruangwa.

Binamu yangu wa Ruangwa ndiye aliyekuwa katibu wa kamati. Akanitumia orodha ya ahadi za michango, niichape nakala arobaini, nije nazo kikaoni Jumapili. Aliiandika kwa Word, kwa herufi za Calibri, safu mbili: kushoto majina, kulia ahadi. Jedwali hakuchora. Alipanga kwa kuhesabu mistari, jina la tano mkabala na ahadi ya tano, akaamini Mungu.

Ajuza hakuwa na Calibri. Faili ya Word, tofauti na PDF iliyotengenezwa vizuri, kwa kawaida haisafiri na herufi zake. Inakuja na jina la herufi tu, na mwenyeji asipokuwa nazo anatoa alizonazo. Ajuza alikuwa na DejaVu, herufi pana zinazokaa kitini kama mtu mwenye kanzu mbili. Kwenye safu ya majina kulikuwa na mzee mmoja mwenye vyeo virefu, alhaji na mwenyekiti mstaafu wa vitu viwili. Kwa Calibri alitosha mstari mmoja. Kwa DejaVu akajaza miwili. Majina yote yaliyo chini yake yakashuka ngazi moja. Ahadi zikabaki zilipo.

Nikaibadilisha kuwa PDF, nikaifungua kwenye kivinjari kuhakiki, kama mtu aliyeonja moto wa 2019. Ilikuwa nzuri! Mistari imenyooka, herufi kali, hakuna viboksi, hakuna wa kunisubirisha. Kivinjari kilinionyesha kosa langu kwa usafi ambao sijawahi kuuona. Nikachapa zote arobaini.

Kikao kilikuwa uani kwa mjomba mkubwa. Wasiotujua sisi Wamwera waelewe hapa kwamba kwetu ukoo unafuata mama, na mjomba ndiye dola. Harusi inaweza kwenda bila bwana harusi kuoga lakini haiendi bila mjomba. Yeye aliahidi laki tatu. Aliyemfuata kwenye orodha ni baba mdogo, mtu mwema ambaye mkono wake na mfuko wake hawajawahi kutambulishwa, aliyeahidi kubeba viti. Baada yake walikuwa akina mama wa kikoba, laki mbili na nusu.

Karatasi zikagawiwa. Mjomba akavaa miwani. Akasoma jina lake, akafuata mstari kwa kidole mpaka upande wa pili. Akarudi kwenye jina. Akafuata tena.

"Katibu," akasema kwa sauti ya chini, "viti vyenyewe ni vingapi?"

Kabla binamu hajajibu, upande wa pili shangazi mmoja alikuwa ameshapiga kigelegele. Ameona mkabala na jina la baba mdogo: laki mbili na nusu. Watu wakageuka. Makofi yakaanza. Baba mdogo aliitazama karatasi muda mrefu, akasimama, akaweka mkono kifuani.

"Nilitaka iwe siri," akasema.

Ukweli ulipojulikana, na ulijulikana haraka maana mwenye vyeo virefu alijikuta ana ahadi mbili na akalalamika, mjomba aliombwa radhi kwa kuku wawili, wote wa kwangu. Baba mdogo hakuomba radhi wala hakukanusha. Siku ya harusi alitoa laki moja taslimu, mbele za watu, na viti hakugusa.

Ufuta ulipouzwa mwaka ule akaja Nachingwea, dukani kwangu, peke yake. Alitaka ile orodha, kopi moja, tena iwekwe leminesheni.

"Ipo, baba mdogo. Tumeshairekebisha, sasa ina jedwali."

"Hiyo ya jedwali sina haja nayo. Nipe ile ya kwanza."

Nikaitafuta, nikaifungua kwenye kivinjari. Akainama, akakisogelea kioo mpaka pumzi yake ikaacha ukungu, kidole kikatembea kutoka jina lake kwenda kulia, kikasimama.

"Hapo hapo," akasema. "Usiguse kitu."