Kitako cha Kuazima

Bunduki ya marisau kwa kawaida haina alama ya nyuma ya kulengea. Jicho lako ndilo alama yenyewe. Jicho hukaa pale shavu linapokaa, na shavu huwekwa na kitako. Kwa hiyo wewe uliyerithi bunduki ya baba mrefu, ukaishindilia kwenye bega lako fupi, ukamkosa kanga wa hatua ishirini kisha ukayalaumu marisau ya duka: nguo ya kuazima haisitiri matako. Pima mwili wako, kisha bunduki ndiyo ibadilike.

Leseni kwanza. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015, leseni hairithiwi kwa wosia wa mdomo. Na ndani ya msitu wa Amani, kule Muheza, usiingie na mtutu kabisa: ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na vinyonga wake hawajakukosea kitu.

Halafu toa risasi, fungua, chungulia. Anayesema "nimeshaangalia" aangalie tena.

Sasa urefu. Wajuzi wa kijiweni watakwambia ukunje mkono, kitako ukilaze kwenye kunjo la kiwiko, na kidole kikifika kwenye kifyatulio basi bunduki imekufaa. Hapo umepima kiwiko tu. Shingo na kifua havikuulizwa. Fanya hivi: fumba macho, pandisha bunduki begani kama unavyofanya ukisikia nguruwe mahindini, usijirekebishe. Mwenzio aliyesimama ubavuni atazame nafasi kati ya pua yako na kifundo cha dole gumba. Vidole viwili hadi vitatu vikipita, hongera. Dole likiwa karibu na pua, kitako ni kifupi na utakula ngumi ya mkono wako mwenyewe. Kitako kikinasa kwapani wakati wa kupandisha, ni kirefu. Bunduki nyingi za kiwandani hutoka na inchi 14 hadi 14 na nusu, kama sentimita 36 hivi, na wewe huna wajibu wa kurefuka ili uzifikie.

Upimwe ukiwa umevaa. Amani iko kama mita 900 juu ya bahari. Julai asubuhi ukungu umetanda na mtu amejifunga sweta na koti. Akiteremka kwa njia ya Sigi hadi Muheza, anabaki na fulana. Nguo hizo huweza kula sentimita nzima kati ya kitako na bega, na sentimita hiyo inatosha kuharibu kila ulichopima. Anayelinda mashamba ya juu na ya chini akate kitako kwa kipimo cha koti, na akiwa na fulana avishe raba ya kuchomoka.

Kwa kimo cha mgongo wa kitako, lenga kioo cha ukutani, usilenge uso wa shemeji yako hata kama bunduki ni tupu. Mboni ionekane juu kidogo ya mtutu, katikati. Ikizama, mgongo uko chini mno. Ikiegemea kushoto na wewe unatumia mkono wa kulia, kitako kinatakiwa kipinde kidogo kulia. Wenye nyuso pana hukihitaji zaidi kipindo hicho. Mashoto wageuze.

Kioo kikisharidhika, nenda uwanja wa shabaha ulioruhusiwa. Bandika karatasi kubwa yadi 16 mbele, fyatua mara kadhaa bila kulengalenga, tafuta katikati ya matundu. Kila inchi uliyokosa inadai moja ya kumi na sita ya inchi kwenye kitako, yaani milimita moja na nusu. Ndiyo maana namwogopa seremala anayekuja na randa! Kazi hii ni ya tupa, msasa na fundi mwenye kibali cha silaha. Na kabla ya kupunguza, ongeza: plasta ya kitambaa tabaka kwa tabaka kwenye mgongo, vipande vya plaiwudi nyuma, ufyatue tena. Plasta hubanduka; mti wa kitako ukishakatwa haurudi.

Mahali palipokatwa, chini ya raba, papakwe mafuta ya kitani mara tatu, kila tabaka likauke kabisa. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mti ulioachwa wazi huyanywa maji kupitia hapo hapo, ukavimba, na kipimo chako kikaenda na maji.