Sifa za Nati ya Sampo

Watu husifia gari kwa rangi, kwa rimu, kwa muziki unaotikisa vioo vya jirani. Sijapata kumsikia aliyesifia nati ya sampo. Ngoja nianze mimi, maana ina deni lake kwangu.

Kwa wasioijua, ndiyo ile inayokaa chini kabisa ya injini, uso umeelekea barabarani, ikila matope mwaka mzima bila hata kuambiwa pole. Wajuzi watasema kwa haki ni boliti. Gerejini inaitwa nati na yenyewe haijalalamika. Kwenye kigari changu cha Toyota inafunguliwa kwa spana namba 14. Bei yake hainunui sahani ya wali maharage. Lakini krankishafti inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, konrodi nne na pistoni nne, vyote vinaishi kwa hisani yake, kwa sababu ndiyo iliyozuia lita 3.7 za oili zisimwagike. (Dumu lina lita 4. Kile kinachobaki huwa kinakwenda wapi, mafundi na Mungu wao ndio wanaojua.)

Jumamosi ile ilikuwa sevisi ya kawaida: oili, filta, plagi zisafishwe, nirudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Gereji yenyewe iko chini ya mwembe, Dar es Salaam, na siitaji kwa sababu bado napita pale. Fundi mkuu alikuwa ameshikwa na gari la mtu mzito kuliko mimi, akanikabidhi kwa dogo. Dogo akatandika boksi, akajilaza, akamwaga oili, akarudisha nati. Ikaingia upande. Nati ya hovyo ingekubali yaishe. Hii ilikataa, ikaguna kidogo, kama mzee anayesikia jambo baya msibani. Dogo hakuielewa lugha hiyo. Akachomeka kipande cha bomba kwenye mkia wa spana, akaning'inia. Krr. Hesi zikalika zote.

Hapo ndipo utaona heshima yake. Kichuma kisichozidi kidole gumba kiliitisha kikao cha watu sita. Mmoja akataka izibwe kwa sabuni ya mche. Wa pili akaleta ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Muuza kahawa, aliyekuwa anapita tu, ndiye aliyesema sampo ishushwe, ichongwe hesi upya, inunuliwe nati mpya; lakini nani amsikilize muuza kahawa? Tepu ikashinda. Fundi mkuu akaja kukaza kwa mkono wake mwenyewe, akajifuta kwa tambara.

"Hiyo haifunguki tena, mwalimu."

Alisema kweli. Hakuna binadamu aliyeifungua tena. Jumatatu, nikielekea Morogoro, ilijifungua yenyewe nikiwa nimeshaipita Mlandizi.

Sikusikia ikidondoka, ina staha. Nilichoona ni taa nyekundu yenye umbo la birika. Wengi tunadhani taa ile inapima wingi wa oili. Inapima msukumo wake, na ikiwaka katika hali kama ile, oili imeshakuwa mali ya barabara. Nikajiambia nitaangalia nikifika mizani ya Vigwaza. Injini ilikuwa na ratiba yake. Ikaanza kugonga, kama mtu anatwanga kisamvu ndani ya boneti, halafu ikanyamaza. Kunoki kwenyewe ni kelele ya dakika chache tu. Ule unyamavu ndio ninaousikia mpaka leo.

Tangu hapo fadhila zake hazina idadi. Imenirudisha kwenye daladala, ambako nimefahamiana upya na majirani niliokuwa nawapigia honi tu. Imenitembeza Gerezani duka kwa duka, nikiulizia injini ya mtumba kutoka Japani, hadi wapiga debe wa spea wananiita kwa jina. Imenijulisha kwamba fundi ana laini tatu za simu na zote hazipatikani. Hata mke wangu imempunguzia kazi ya kunishauri; siku hizi ananitazama tu.

Aliyeiokota kati ya Mlandizi na Vigwaza, kichwa namba 14, hesi zimelika, imevaa tepu nyeupe kama kilemba: namwomba sana, asiirudishe.