Sifa za Kimelea, Mwenye Shughuli Tumboni mwa Mbu

Mbu ametukanwa vya kutosha. Kila jioni anapigwa makofi, anafukizwa moshi, anafungiwa nje ya chandarua, na kumbe yeye ni mbebaji tu. Mwenye shughuli hatajwi. Leo naomba tumpe haki yake: Plasmodium falciparum, kimelea wa malaria, ambaye kazi yake nzuri kuliko zote anaifanya tusikomwona.

Wenzake wengi wamo katika damu yetu wanapasua chembe nyekundu na kutupandisha homa. Wachache hujitenga na fujo hiyo. Madume kwa majike, wanakomaa taratibu kwa siku kumi hivi, hawamdhuru mtu, wanamsubiri mbu ambaye hawajui kama atakuja. Asipokuja, wanafia humo humo. Uvumilivu wa namna hiyo kwa wachumba siku hizi nauona nadra.

Akija Anofelesi jike, wanavutwa pamoja na damu. Joto linashuka ghafla kutoka nyuzi 37 za mwili wetu, wanakutana na asidi fulani ya mbu mwenyewe, na papo hapo harusi inaanza. Dume ananakili urithi wake mara tatu na kutoa mbegu nane zenye mikia, zikichapa huku na huku, yote hayo kwa robo saa tu. Mikia hiyo ndiyo aliyoiona daktari Laveran mjini Constantine, Algeria, mwaka 1880, akajua kuwa anatazama kitu hai. Hakuna kamati, hakuna kadi za mchango, hakuna vikao vya miezi mitatu kujadili rangi ya mapazia. Ukumbi wenyewe ni tumbo la mtu mwingine, tena bure. Na wawili hao wanakuwa mwili mmoja kweli kweli, si kwa maneno ya mshenga.

Fungate hakuna. Ndani ya siku moja yai lililotungwa linageuka kiumbe chembamba kinachojisukuma, na lazima kitoboe ukuta wa tumbo kabla hakijameng'enywa pamoja na damu. Wengi hawafiki. Kinga ya mbu inawashambulia bila huruma (naam, mbu huyo huyo tunayemchapa makofi), na wanaotokea upande wa pili mara nyingi wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Aliyefika anajenga kifuko nje ya ukuta huo, na humo anazaa maelfu. Vifuko hivyo ndivyo Ronald Ross alivyovikuta Secunderabad, India, tarehe 20 Agosti 1897, baada ya kupasua mbu wengi mno. Mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Kimelea aliyefanya kazi yote hakualikwa.

Sasa ujasiri wake. Kifuko kinahitaji siku kumi na zaidi kuiva, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Kwa hiyo matumaini yote ya ukoo yamewekwa kwa mbu bibi kizee. Pwani kwenye joto mambo huenda haraka. Penye baridi kama Njombe au Limuru huchelewa mno, na joto likikaa chini ya nyuzi 18 kifuko hakiivi kabisa. Kikiiva kinapasuka, watoto wanaogelea hadi kwenye tezi za mate, wanatulia. Mbu hutema mate kabla ya kunyonya, nao, makumi machache tu, wanashuka ngozini mwako.

Wapo wasiopenda sherehe za wenzao. Mahali ambapo malaria imepungua sana, kama Zanzibar, mgonjwa huongezewa dozi moja ndogo ya primakwini juu ya dawa yake ya mseto. Homa yake haipoi kwa hiyo. Inawaua wachumba tu, ili mbu atakayemuuma kesho aondoke na damu tupu.